Kundi limefurika

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kundi letu la WhatsApp la abiria wa boti za Mokowe lilikuwa na watu 40. Tangu nibandike linki ya kundi gatini wakati wa Maulidi, tumefika 600. Mmoja hutuma matangazo ya mikopo saa nane za usiku, ukimkanya, anatukana. Nimtoe?
Msimamizi, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na mlango. Linki uliyoibandika gatini ibatilishe, utoe mpya, kisha washa idhini ili kila anayeingia abishe hodi kwako. WhatsApp inabeba watu 1,024, lakini kwangu hata 300 ni soko la samaki.

Huyo wa mikopo, ujumbe wake ufute; msimamizi anaweza kuwafutia wote. Mwandikie faraghani mara moja: "Hapa ni habari za boti tu." Akirudia, mtoe kimya kimya. Mimi niliwahi kumtoa jirani, nikaeleza sababu kwa aya tatu. Kundi likagombana siku mbili, na mwenyewe hakuwemo hata kusoma!

Usiku funga, waandike wasimamizi pekee. Fungua alfajiri, kabla boti ya kwanza haijang'oa nanga.