Kuyarudia Mapigano ya Tanga Mezani: Usianze kwa Kununua Askari

Mara ya kwanza nilipoyarudia juu ya meza, kwa mchezo wa visanamu, mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambayo Waingereza walijaribu kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani wakashindwa, Waingereza wa mezani walishinda kabla ya adhana ya magharibi. Shemeji yangu, ambaye ndiye aliyewaongoza, aliitazama meza yote kama mtu anayetazama sinia la pilau, akaona kila kampuni ya Wajerumani ilipopangwa na kila bombomu, yaani bunduki ya rashasha, lilipotegwa, akalizungusha jeshi lake upande wa kusini ambako sikuwa nimeweka mtu, akanimaliza. Kisha akauliza, tena bila kejeli yoyote: "Shemeji, sasa hawa wenzangu walishindwaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetumia miezi miwili kupaka rangi visanamu, pamoja na fedha ambazo sipendi mke wangu azijumlishe, ili nitengeneze mchezo usioeleza hata jambo moja kuhusu yaliyotokea mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwangu Chumbageni. Kwa kuwa sasa wapo vijana wanaoniuliza waanzie wapi katika michezo hii ya vita ya mezani, ushauri wangu wa kwanza ni huu: usianze kwa kununua askari, anza kwa kujiuliza nani hakujua nini, na alichelewa kukijua kwa saa ngapi.

Chukua Tanga yenyewe. Kikosi kilichotoka Uhindi chini ya Jenerali Arthur Aitken kilikuwa na watu wapatao 8,000, ilhali Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, hata baada ya kuongezewa nguvu, alikuwa na kama 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika. Kwa hesabu hiyo peke yake kazi ilikuwa imekwisha. Lakini tarehe 2 Novemba manowari ya Waingereza iitwayo Fox iliingia bandarini kudai mji usalimishwe, ikatoa muda wa saa moja, kisha saa nyingi zikapotea katika kutafuta mabomu ya majini ambayo hayakuwamo. Na muda wote huo treni za reli ya Usambara zilikuwa zikileta askari kutoka upande wa Moshi, safari ya kilomita zipatazo 350. Watu wa Aitken walioshushwa Raskazone, rasi iliyo mashariki ya mji, walikuwa wamekaa melini majuma kadhaa, na wale wa mwanzo kusonga mbele alfajiri ya tarehe 3 walirudishwa nyuma kwa hasara. Usiku uliofuata Lettow mwenyewe alifika kwa treni, akapanda baiskeli, akapita katika mji uliokuwa kimya mpaka karibu na walipokuwa adui zake. Yeye aliuona uwanja kwa macho yake, na Aitken akawaingiza maelfu ya watu ndani ya mashamba na vichaka bila upelelezi wa maana.

Ikiwa meza yako inawaonyesha wachezaji wote kila kitu, basi umekwisha kumpa Aitken kile alichokikosa, na usishangae akishinda.

Dawa yake si ngeni. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye Reisswitz alilipatia jeshi lake mchezo wa vita wa kuchezwa juu ya ramani, wenye mwamuzi anayepokea amri za pande mbili kwa maandishi na kumwambia kila mmoja yale tu ambayo angeweza kuyaona. Maofisa wa Kijerumani walilelewa na mazoezi ya namna hiyo, kwa hiyo si ajabu kuyatumia tunapozungumzia mapigano yao. Kwangu mwamuzi ni jirani yangu ambaye hapendi kabisa kupaka rangi lakini anapenda kukaa na siri, na hiyo ndiyo sifa pekee inayotakiwa. Badala ya visanamu, mchezo unaanza kwa komwe, zilezile za bao: kila komwe imeandikwa namba upande wa chini, mwamuzi ana orodha inayosema namba ipi ni kampuni, ipi ni bombomu na ipi ni hewa tupu, na kisanamu hakiwekwi mezani mpaka adui aingie katika upeo wa kuonana. Komwe za uongo ziwe nyingi kuliko za kweli kwa upande wa Wajerumani. Nilijaribu kuzifanya ziwe sawasawa, na mchezo ukarudi kuwa ule wa sinia la pilau.

Upeo wa kuonana unategemea vipimo vya meza, na hapa ninawasihi mchukue rula kabla ya brashi. Meza yangu ni plaiwudi ya sentimita 180 kwa 120, na sentimita moja ni mita 20 za ardhini, kwa hiyo ninapata kilomita 3.6 kwa 2.4, Raskazone inakaa ukingo wa mashariki, mji upande wa magharibi, bahari kaskazini, na kati ya mji na adui limo bonde lililochimbwa kwa ajili ya reli, ambalo watetezi walilitumia kama handaki. Risasi ya bunduki inafika sentimita 20, yaani mita 400, lakini ndani ya mashamba ya mpira na vichaka haonekani mtu zaidi ya sentimita tano. Kanuni hii moja ya sentimita tano imefanya kazi kubwa kuliko kurasa zote nilizowahi kuandika kuhusu ari ya askari, kwa sababu kikosi cha watu 800 kinachoona mita 100 tu mbele yake hakina faida ya wingi wake.

Zamu moja ihesabiwe kuwa dakika 15. Mapambano makali ya tarehe 4 yalipamba moto alasiri na yakakatwa na giza, kwa hiyo zamu kumi na mbili zinatosha. Wapo watakaokuomba uwaongezee zamu tatu, nne hivi. Wakatalie, kwa maana Lettow naye hakuongezewa mchana.

Sasa ndipo tuzungumzie visanamu. Ukihesabu kisanamu kimoja kuwa watu 20, majeshi yote mawili yanahitaji visanamu zaidi ya 400, na mtu anayeanza na lengo hilo nimemwona mara nyingi akiishia kuwa na sanduku la plastiki ya kijivu chini ya kitanda. Chukua kipande kimoja cha pambano. Mimi ningechukua upande wa kusini, ambako Grenadia wa 101, kikosi cha Wahindi, walijipenyeza mbele wakakutana na bombomu na kampuni zilizokuwa zimewekwa akiba upande huo: visanamu 40 kwa Wahindi, 24 kwa kampuni tatu za askari, na umemaliza. Wale wa Loyal North Lancashire na wa Kashmir, ambao ndio walioingia mjini na kupigana nyumba kwa nyumba, wanaweza kusubiri mwaka wa pili, kwa sababu nyumba zenyewe ni kazi ya peke yake. Kwa vipimo vya meza niliyoitaja, visanamu vya milimita 15 vinafaa kuliko vile vya 28, ambavyo ni vizuri kabatini lakini vikisimama kwenye uwanja huu vinaonekana kama majitu yaliyotoka baharini.

Kuhusu rangi, zile maalumu za kazi hii ni ghali na ni adimu, nami natumia akriliki za tyubu zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya shule, zikiyeyushwa kwa maji hadi ziwe nyepesi kama maziwa. Tabaka mbili nyepesi hushinda moja nzito inayomeza vifungo na mikunjo. Kazi inayowashinda wengi ni uso wa askari. Usipake nyeusi. Anza na kahawia iliyokolea yenye wekundu kidogo, iache ikauke kabisa, kisha changanya ileile na tone la njano iliyofifia na uguse kwa ncha ya brashi sehemu nne tu: daraja la pua, mashavu mawili, na ukingo wa kidevu, ukimaliza, gusa na vifundo vya vidole vinavyoshika bunduki. Kisanamu kilichokuwa doa kinakuwa mtu. Sare zao ni za khaki, na kofia yenye kifuniko cha khaki pia, kwa hiyo kama uso umeuharibu hakuna rangi nyingine ya kukuokoa.

Jambo jingine nililolilipia kwa machozi ni unyevu wetu. Jioni moja ya masika, mvua ikiwa imekatika punde tu, nilipulizia vanishi ya kopo visanamu 30 uani, na baada ya robo saa wote walikuwa weupe kama waliomwagiwa unga wa muhogo. Siku hizi sipulizii kitu wakati wa masika. Napaka vanishi kwa brashi, ndani, feni ikiwa imezimwa. Wale 30 niliwaokoa kwa kuwapaka vanishi ya kung'aa juu yake, ukungu ukatoweka, ingawa wanang'aa mpaka leo kana kwamba wametoka kuoga.

Mandhari ndiyo sehemu ambayo mtu wa Tanga ana bahati yake. Katani iliyokatwa vipande vya milimita tatu, ikachovywa katika rangi ya kijani iliyochanganywa na kahawia, ni nyasi ambayo hakuna kiwanda kinachoiuza vizuri hivyo. Mchanga wa Raskazone, ukioshwa chumvi na kuanikwa, unagandishwa chini ya miguu ya askari waliopigana palepale ulipochotwa. Na vumbi la makumbi ya nazi linatosha kwa ardhi ya shamba.

Bibi yangu alinikuta jioni moja nikiwapanga. Aliwatazama kwa muda mrefu, akainua mmoja, akamrudisha. "Na wapagazi wako wapi?" akauliza. Nikamwambia kwamba katika mchezo hawapigani. "Mzigo ulikwenda wenyewe?" Tangu hapo kila bombomu langu linafuatana na visanamu viwili vya watu waliobeba masanduku kichwani, na lisipokuwa navyo ndani ya sentimita tano linapiga zamu mbili tu kisha linanyamaza. Kanuni hiyo imeuboresha mchezo, kwa sababu bombomu sasa haliwezi kukimbizwa huku na huko kama pikipiki.

Limebaki suala la nyuki, ambalo kila mtu huniuliza kabla hata ya kuuliza kuhusu bunduki. Ni kweli kwamba mizinga ya nyuki katika mashamba yale ilichafuliwa na risasi na nyuki wakawashambulia watu, na ni kweli pia kwamba hawakuchagua upande, kwani hata baadhi ya wapiga bombomu wa Kijerumani walikimbizwa. Hata hivyo hadithi hii imekuzwa mno, na mchezaji anayeshinda kwa nyuki hajifunzi kitu. Kwangu nyuki wanatoka mara moja tu katika mchezo mzima, pale mtu anapopata sita mbili kwa dadu akipiga risasi ndani ya shamba, na kikosi kilicho karibu zaidi, cha upande wowote, kinapoteza zamu moja. Watu hucheka, tunaendelea.

Mwezi uliopita shemeji yangu aliomba tena awe Aitken. Safari hii alikuwa na komwe mbele yake badala ya askari wangu, na mwamuzi amekaa kwenye kiti cha plastiki akinyonya chungwa bila kusema neno. Komwe saba zilikuwa zimejipanga upande uleule wa kusini alikonifunga mwanzo. Alizitazama, akatuma karatasi ya kuuliza, akapewa jibu kwamba wapelelezi bado hawajarudi. Akawaweka Grenadia wake vichakani zamu nne nzima, akisubiri, huku treni yangu ikishusha kampuni nyingine stesheni. Giza lilipoingia akainuka, akaja upande wangu, akazigeuza zile komwe moja moja kwa kidole. Tano zilikuwa hewa.