Herufi sio baiti: majibu ya maswali yenu ya lugha ya programu ya C

Mkuu, strlen inanipa 9 kwenye ng’ombe, mbona herufi ni 7?

Kwa sababu strlen inahesabu baiti, herufi haizijui kabisa. Hiyo ritifaa umeiandika kwa simu na kibodi ikakuwekea ile iliyopinda, U+2019, ambayo kwenye UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti) inakula baiti 3, zile sita zingine baiti moja moja, jumla 9. Waswahili tunaponzwa sana hapa, alfabeti yetu yote imo ndani ya ASCII (zile herufi za baiti moja moja) kwa hiyo mtu anajaribu programu yake na "habari" na "asante" kila kitu kinaenda sawa, halafu anakuja mteja anaitwa Ng’wandu jedwali zima linapinda. Na kama unatuma SMS hiyo ni hela inaondoka, ritifaa iliyopinda haimo kwenye alfabeti ya GSM ya biti 7 kwa hiyo nafasi inashuka kutoka herufi 160 mpaka 70. Jaribuni programu zenu na maneno watu wanayoandika kweli jamani!

mblen (ile inayopima herufi moja ina baiti ngapi) inarudisha -1 kwenye é na faili langu ni UTF-8.

Hujaita setlocale. Hili naulizwa kila mara na jibu ni lile lile: programu ya C inaanza kwenye lokeli (mpangilio wa lugha na herufi) inayoitwa "C", haijali teminali yako imewekwaje. Weka setlocale(LC_ALL, "") mwanzoni mwa main, na uangalie imerudisha nini, ikiwa NULL ujue imegoma.

Kuna haja gani ya mbrlen wakati mblen ipo?

Ipo haja kubwa. mblen inaficha hali yake ndani, nyuzi (thread) mbili zikiiita pamoja unajitafutia matatizo. mbrlen ilikuja na nyongeza ya kiwango cha C ya mwaka 1995, iko kwenye wchar.h, na mbstate_t, yaani hiyo hali, unaishika mwenyewe, uifute kwa memset kabla ya kuanza. Faida yake unaiona ukisoma data ya mtandao vipande vipande, emoji ya baiti 4 imekatika katikati, mbrlen inakurudishia (size_t)-2 yaani bado haijatimia, na baiti ulizompa ameshazimeza kwa hiyo usimrudishie tena, endelea na zinazofuata. Baiti mbovu ni (size_t)-1. Sasa hapa ndio naona watu wanaandika if (n < 0), hiyo haitakuwa kweli hata siku moja maana size_t haina hasi, kompaila ukiiwashia -Wextra inakuonya ila onyo lenyewe hamlisomi. Linganisha na (size_t)-1 na (size_t)-2 wazi wazi. Sifuri maana yake umefika mwisho wa stringi.

Bafa ya herufi moja niipe MB_CUR_MAX?

MB_LEN_MAX, kikomo cha baiti za herufi moja. Hiyo haibadiliki, MB_CUR_MAX inafuata lokeli.

Emoji ya familia 👨‍👩‍👧 mblen inasema 4 tu, ni bagi?

Sio bagi. Hapo kuna emoji tatu zimeunganishwa na U+200D (kiunganishi kisichoonekana) mbili, 4+3+4+3+4, baiti 18, na mblen inapima ile ya kwanza tu. C yenyewe haina kitu cha kuzipima zote kama moja, tumia maktaba ya ICU au libunistring, usijitungie ya kwako.

Si nihamie wchar_t (aina ya C ya herufi pana) yaishe?

Haitaisha. Linux ni baiti 4, Windows ni 2, na emoji moja ya baiti 4 kwa Windows inagawanyika vipande viwili. Baki na UTF-8.