Swichi haijafa, imechafuka

Safari hii karibu wote mmeuliza swichi za redio na amplifaya za zamani, na nusu ya maswali yanafanana mpaka nikadhani mnanakiliana. Nimechukua haya.

Swali: Amplifaya yangu upande wa kushoto sauti inapotea, nikichezesha kitufe cha tape inarudi. Swichi mpya napata wapi?

Usinunue kitu. Umeshajijibu mwenyewe, kama sauti inarudi ukiichezesha basi swichi ni nzima, imechafuka tu. Mle ndani kuna vibati vimepakwa fedha, na fedha ikikaa miaka 40 bila kusuguliwa inaota weusi, weusi huo ndo unaokula sauti yako. Kitufe cha tape ndo hakiguswi kabisa siku hizi maana deki za kaseti zenyewe ziko wapi, lakini sauti yote bado inapita pale hata kama deki huna. Chomoa waya ukutani, tafuta dawa ya kontakti (ya kusafishia vibati hivyo) kama DeoxIT, puliza kidogo kwenye tundu la swichi yenyewe alafu bonyeza-achia mara 30 bila uvivu. Nimesema kidogo, hatuiogeshi. Na kwa mara ya mia jamani, WD-40 ya kopo la kawaida SIO dawa ya kontakti, inaacha mafuta, mafuta yanakamata vumbi, mwezi ujao unarudi hapa kunilaumu mimi.

Ikigoma kabisa ndo unaing'oa na kuifungua, ila fungulia ndani ya mfuko wa plastiki unaoona ndani. Mimi ya kwanza niliifungulia mezani, kibati kikaruka, nikashinda jioni nzima nimepiga magoti sakafuni na sumaku mkononi mpaka nikakumbuka kile ni shaba, sumaku haikioni.

Swali: Naomba swichi ya Pioneer.

Pioneer gani? Swichi ipi? Ina miguu mingapi? Tuendelee.

Swali: Swichi ya kuwashia iliungua, nikaweka ya kawaida ya ampea 6, imekaa miezi mitatu nayo imeungua. Ni feki?

Inawezekana hata sio feki. Ukiwasha amplifaya kubwa, transfoma na kapasita kubwa za ndani zinakuwa na njaa, kwa kufumba na kufumbua zinavuta umeme mara nyingi zaidi ya ule zinaotumia zikishatulia. Ampea 6 ya kwenye swichi yako ni ya umeme uliotulia, hiyo njaa ya mwanzo haijahesabiwa. Angalia ubavuni mwa ile ya zamani, nyingi zimeandikwa TV-5, hiyo maana yake inabeba ampea 5 muda wote na kishindo cha mpaka ampea 78 wakati wa kuwasha. Hayo maandishi ndo unayotafuta, umbo baadae, hata ikibidi uichomekee kwenye kipande cha bati ulichokata mwenyewe.

Alafu hujaniambia kuhusu kile kikapasita kilichokaa sambamba na swichi, mara nyingi 0.01 µF. Kazi yake kumeza cheche. Zile za karatasi zikizeeka zinapasuka na kutoa moshi, na kikishoti redio inabaki imewaka hata ukizima. Badilisha pamoja na swichi, na lazima kiwe kimeandikwa X2, alama ya kapasita za kukaa kwenye umeme wa ukutani. Ukiweka kapasita yoyote uliyoiokota kwenye redio mbovu, hapo unacheza na moto, na sisemi kwa mfano.

Swali: Swichi ya kuzungusha ya kuchagulia phono/tuner (sahani au redio) imevunjika, kampuni ya Alps hawaitengenezi tena. Nifanyeje?

Hapa kweli una kazi. Kabla hujatafuta, hesabu: inaunganisha njia ngapi kwa mpigo, ina hatua ngapi, shafti yake ya kuvalia nobu ni ya 6 mm yenye meno au iliyokatwa upande, na urefu wake. Pima na nafasi kati ya miguu, za Kijapani nyingi ni 2.5 mm wakati za dukani ni 2.54, kwa miguu mitatu hutaona tofauti ila kwa 12 iliyopangwa mstari mmoja unakosa karibu nusu milimita na haiingii bila kulazimisha. Kuna pia zinazoshika ya mbele kabla hazijaachia ya nyuma, na zinazoachia kwanza. Kwenye volyumu ya hatua, ile inayopanda ngazi kwa ngazi, ukiweka inayoachia kwanza utasikia mlio kila ukizungusha. Ya kuchagua volti za umeme nyuma ya redio hiyo lazima iachie kwanza, hapo hakuna mjadala.

Njia rahisi ni kununua redio iliyokufa ya kampuni hiyohiyo na miaka hiyohiyo, hata ile ndogo ya bei ya chini, mara nyingi walitumia swichi moja. Ila usiniulie nzima kwa ajili ya swichi.

Swali: Si niiruke swichi ya kuwashia, niunganishe tu waya moja kwa moja niwe nazimia ukutani?

Kama fyuzi inabaki kwenye njia, itafanya kazi. Ila siku ukiiuza mwambie mnunuzi.

Swali: Deki ya kaseti inapiga mluzi nikibonyeza play.

Ni ile swichi ndefu ya kurekodi, chini ya bodi, nayo imechafuka. Dawa, mara 30. Rudi jibu la kwanza.