Maji ya kibwawa yamekuwa ya kijani, nimwage yote?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nimejenga kibwawa cha zege uani, urefu mita 3, upana 2, kina sentimeta 80, fundi kapiga niru safi kabisa. Siku ya tatu nikajaza maji ya bomba nikatia vifaranga 60 vya sato, kesho yake 14 wakaelea. Nikamwaga maji yote nikajaza upya, wakafa wengine. Sasa ni wiki ya tatu na maji yamekuwa kijani, fundi anasema niweke mrututu, aliyeniuzia samaki anasema nimwage kila wiki nisugue na kuta. Nimsikilize nani? (Msomaji wa Kimara, Dar)

JIBU: Dada yangu, usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, na huo mrututu kama umeshanunua uweke mbali na hayo maji. Swali hili naletewa kila mara na kila mara naona mtu kakazana na rangi ya maji wakati kilichoua samaki wake hakina rangi kabisa.

Wale wa kwanza waliuawa na vitu viwili, saruji mbichi na klorini. Niru ni saruji tupu, ikiwa mpya inatoa chokaa na pH ya maji (kipimo cha tindikali na alikali, ikipanda maji yanakuwa makali kama ya chokaa) inaweza kufika 11 au zaidi, na sato huanza kuteseka ikishapita 9. Fundi alitakiwa akuambie ujaze, uache wiki, umwage, usugue, urudie hata mara tatu ndipo utie samaki. Halafu maji ya bomba yenye klorini yanaunguza matamvua ambayo samaki anapumulia, lazima yalale kwenye simtank iliyo wazi siku moja au mbili kwanza. Wewe ulipomwaga yote na kujaza upya ukawarudishia klorini ileile mara ya pili.

Sasa hili la kumwaga ndo linaloniudhi zaidi. Samaki anatoa amonia, uchafu wenye sumu, na chakula kinachobaki chini kikioza kinatoa amonia pia, na wanaoiondoa ni bakteria wanaoota kwenye kuta na mawe, nao wanahitaji kama wiki 4 hadi 6 kushika vizuri. Ukimwaga kila wiki na kusugua unawafuta, unaanza sifuri, yaani kibwawa chako kinabaki kipya milele. Na amonia ikikutana na pH kubwa ndo balaa, kwa joto la Dar kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1, kwenye pH 9 inakaribia asilimia 40.

Kijani ni mwani tu, sato anaula, na mchana unatoa oksijeni. Shida yake ni ukizidi, maana usiku unatumia oksijeni ileile na alfajiri utawaona samaki wamepanda juu wanahema midomo wazi. Pima hivi, zamisha mkono wako taratibu kiganja kikiwa wazi, kama kinapotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono mwani umezidi, kama unakiona mpaka maji yakaribie kiwiko uko salama. Ukiwa umezidi punguza chakula, tengeneza kivuli kidogo, toa maji robo tu ujaze yaliyolala.

Kabla ya yote hayo nunua vikaratasi vya kupimia pH. Ukikuta imepita 9 asubuhi mapema, hamishia samaki kwenye chombo cha plastiki chenye maji yaliyolala na ulitibu bwawa kwa kule kujaza, kuacha wiki, kumwaga na kusugua nilikosema. Ikiwa chini ya hapo usiguse kitu, simamisha chakula siku mbili tatu, na usiongeze samaki hata akikuuzia kwa bei ya kutupa, maana mita za mraba 6 bila pampu wala chujio 60 walikuwa wengi tangu mwanzo, 20 hadi 30 wangekutosha.

Na huo mrututu ni chumvi ya shaba. Ni kweli unaua mwani, ila kipimo cha kuua mwani na cha kuua samaki havipishani sana, hasa maji yakiwa laini (yenye madini machache), na mwani ukifa wote kwa mpigo unaoza na kumaliza oksijeni, kwa hiyo hata waliosalimika na shaba wanakufa kwa kukosa hewa. Kuna watu wanauza vichupa havina lebo wanaita "dawa ya kung'arisha bwawa", ukiuliza ndani kuna nini anakwambia ni siri ya kampuni. Wengine wanakushauri umwage oili chafu au dizeli eti kuua viluwiluwi vya mbu, wakati samaki wenyewe wanavila viluwiluwi hivyo bure. Mtu asiyekuuliza bwawa lako lina lita ngapi (lako ni 4,800 likijaa) hawezi kujua dozi ya kitu chochote, usimpe hela. Nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako, ubebe na maji kidogo kwenye chupa safi.