Filamu za Kusuuza Roho: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanandoa wanaopenda kutazama pamoja filamu zile za kufurahisha, ambazo ukimaliza unakwenda kulala moyo ukiwa mweupe. Jioni kama hizo ni haba kwa watu wenye kazi na watoto, na inasikitisha kuona zinavyoharibiwa na mambo yanayorekebishika kwa dakika tano.

Shikamooni. Mimi na mama watoto kila Ijumaa, watoto wakishalala, tunaweka filamu ya kuchekesha au ya mapenzi. Shida ni sauti. Waigizaji wakizungumza hatusikii, muziki ukiingia nyumba nzima inaamka. Rimoti haitoki mkononi. TV ni mpya, inchi 43. Je, tumeuziwa mbovu?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba. TV yenu ni nzima. Sauti ya filamu huchanganywa kwa ajili ya ukumbi wenye spika nyingi, na maneno ya waigizaji hupewa spika yake peke yake, ile ya katikati nyuma ya pazia la sinema. Nyumbani, njia zote hizo hubanwa kwenye spika mbili ndogo ambazo katika TV nyembamba hutazama chini au nyuma, si kwenu. Maneno ndiyo huumia zaidi. Isitoshe, watengenezaji huacha pengo kubwa kwa makusudi kati ya mnong'ono na ngoma, kwa kuwa ukumbini kuna utulivu. Sebuleni kwenu kuna feni na barabara.

Anzeni na lililo jepesi. Filamu ikiwa inacheza, fungueni sehemu ya lugha na sauti. Mkiona lugha ileile imeandikwa mara mbili, moja ikiwa na 5.1 na nyingine bila namba, chagueni isiyo na namba: hiyo imeshatengenezwa kwa spika mbili. Kisha ingieni kwenye mipangilio ya sauti ya TV. Zimeni chochote chenye neno Surround, kwa sababu athari hiyo ya kuigiza hutawanya sauti na kuyafifisha maneno. Washeni kinachoitwa Clear Voice, Speech au Dialogue, jina hutegemea kampuni. Pakiwepo Night Mode au Auto Volume washeni pia. Hicho ndicho kinachopunguza pengo kati ya sauti ndogo na kubwa, nanyi mtaiweka rimoti mezani.

Baada ya hapo angalieni chumba. TV iliyosukumwa ndani kabisa ya kabati hutoa sauti ya kuziba, kwa hiyo ivuteni hadi ukingo wa mbele wa meza. Sakafu ya vigae na madirisha matupu hufanya maneno yavume. Zulia mbele ya TV na pazia zito hubadilisha mambo kuliko watu wanavyodhani. Pangaboi likiwa kasi ya juu humeza herufi nyepesi kama s, f na t, na hizo ndizo zinazotofautisha neno na neno. Lipunguzeni, au tumieni feni ya kusimama iliyo karibu na miguu yenu, mbali na TV.

Mkiwa na fedha ya kununua spika ndefu ya kukaa mbele ya TV, tafuteni iliyoandikwa 3.0 au 3.1. Ile namba 3 maana yake ina spika ya katikati kwa ajili ya maneno, na kwa watu wanaopenda filamu za mazungumzo hiyo ina faida kuliko besi nzito. Iunganisheni kwa waya wa HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC. Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti kidogo, midomo ikaenda njia yake na maneno njia yake.

Mume wangu ni mtu wa filamu za ngumi, mimi za kuchekesha na za mapenzi. Tukikubaliana tutazame ya kufurahisha, tunapekua orodha mpaka anakoroma. Halafu kuna moja tuliyoambiwa ni ya furaha, nikalia tangu katikati hadi mwisho. Tuchague vipi?
*Mke wa mtu, Likoni, Mombasa*

Dada, kuchagua na kutazama ni kazi mbili, msizifanye saa moja. Chagueni mchana. Mmoja atume majina matatu, si zaidi, mwenzake achukue moja, na wiki inayofuata mbadilishane zamu. Anayechagua hana ruhusa ya kusema "yoyote tu", na aliyeleta majina hana ruhusa ya kununa. Saa ya kutazama ikifika mnabonyeza tu.

Tazameni pia urefu. Mkianza saa tatu usiku filamu ya saa mbili na nusu, mmoja atasinzia kabla ya mwisho, na kwa filamu za namna hii mwisho ndio chakula chenyewe. Siku za kazi dakika 90 hadi 110 zinatosha.

Ama kulia: filamu ya kusuuza roho si lazima iwe haina machozi. Iliyo nzuri hukupitisha kwenye dhiki ili furaha ya mwisho iwe na uzito. Isiyo na dhiki yoyote huchosha kufikia nusu. Kinachotakiwa ni kujua mapema dhiki hiyo ni ya aina gani. Chukua filamu tatu za huku kwetu ambazo watu huzitaja kwa pumzi moja. *Queen of Katwe* ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, inamhusu Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyeinuka kwa mchezo wa chesi. Ina dakika 124, kuna ufukara na mafuriko ndani yake, lakini inainuka na kukuacha juu. *Supa Modo* ya Kenya, ya mwaka 2018, yake Likarion Wainaina, ina dakika 74 tu na imejaa vicheko vya kijiji kizima kinachomsaidia mtoto aigize shujaa mwenye nguvu za ajabu. Ila mtoto huyo ni mgonjwa wa kufa, na hakuna muujiza. Ni nzuri mno, lakini wekeni leso karibu. *The First Grader* ya mwaka 2010 inamhusu Kimani Maruge, mzee aliyejiandikisha darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Ina kumbukumbu za mateso ya wakati wa Mau Mau ambazo si za usiku mliopanga kucheka.

Kwa mumeo, usimtoe kwenye ngumi ukamtupa moja kwa moja kwenye mapenzi. Mpe filamu za mashindano: chesi, mapishi, kandanda, kwaya. Anachokipenda kwenye ngumi ni kungoja nani atashinda, nawe utapata watu wa kuwapenda njiani.

Tunatimiza miaka kumi ya ndoa na tunataka kwenda sinema. Mara ya mwisho tulikaa mbele, shingo zikauma, na mke wangu anayevaa miwani hakuweza kusoma maandishi. Tukate viti gani?
*Mume, Nairobi*

Hongereni. Hesabuni safu kutoka kwenye skrini, mwende theluthi mbili ya ukumbi, kisha katikati. Ukumbi wa safu 12, hiyo ni ya 8. Mafundi husawazisha sauti ya ukumbi wakilenga eneo hilo, na macho yenu yatakuwa yanatazama mbele badala ya juu. Ya mwisho kabisa nyuma wengi huipenda kwa faragha, lakini sauti huko hugonga ukuta na kurudi. Mkikata tiketi kwa simu, kwanza tafuteni kwenye ramani skrini iko upande gani, kwa kuwa baadhi ya programu huiweka juu na nyingine chini. Kosa hilo ndilo huwaketisha watu safu ya kwanza wakidhani wako nyuma.

Kwa mke mwenye miwani, chukueni onyesho la 2D. Miwani ya 3D juu ya miwani nyingine huteleza na kubana pua, na hupunguza mwanga wa picha kwa kiasi kikubwa.

Siku nayo ina maana. Filamu ya kuchekesha itazameni Ijumaa au Jumamosi jioni ukumbi ukiwa na watu, kwa sababu kicheko huambukiza, na utani uleule ambao sebuleni ungewatoa tabasamu, pale utawavunja mbavu. Ile ya taratibu, ya kugusa moyo, nendeni siku ya kazi mchana: watu ni wachache, hakuna wa kuwasha simu mbele yenu, na kumbi nyingi hushusha bei. Angalieni alama ya Bodi ya Filamu ya Kenya kwenye tangazo. GE ni ya watu wote, na 16 au 18 kwenye filamu inayojiita ya kuchekesha ni dalili kwamba utani wake ni wa aina nyingine. Na mke achukue kanga au shali. Kiyoyozi cha sinema hakina huruma ukishakaa saa nzima bila kusogea.

Nyumbani picha inaonekana kama tamthilia iliyorekodiwa chumbani, hata kwa filamu kubwa. Kwa nini?
*Msomaji, Arusha*

Filamu hurekodiwa fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, kwa sekunde. TV yako huonyesha 50, 60 au zaidi, na kiwandani imewashwa kifaa kinachobuni fremu za kujaza nafasi. Matokeo yake mwendo unateleza kupita kiasi na kila kitu kinaonekana cha studio. Kizime: kwenye LG kinaitwa TruMotion, Sony ni Motionflow, Samsung ni Auto Motion Plus au Picture Clarity. Kisha toa picha kwenye Vivid au Dynamic uweke Movie, Cinema au Filmmaker Mode. Dakika chache za mwanzo utaona kama ina unjano. Macho yakizoea utaona ngozi za watu zimerudi kuwa ngozi. Kaeni mita 1.75 hivi kwa inchi 43, mita 2.25 kwa inchi 55.

Bando linakwisha kabla filamu haijaisha.
*Msomaji, Bukoba*

Netflix kwa ubora wa HD hula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo filamu ya dakika 110 inaweza kumaliza GB 5 na nusu. Ukishusha kwenye mipangilio ya akaunti hadi Medium, inakula takriban GB 0.7 kwa saa, yaani chini ya GB 1.4 kwa filamu nzima, na nyuso bado zinaonekana vizuri. Ikikwamakwama wakati bando lipo, tatizo ni kasi: HD ya kawaida inataka Mbps 3, ile kamili Mbps 5. Sogeza simu inayogawa intaneti dirishani na usitishe masasisho ya simu nyingine za nyumbani. Ukipakua mapema, kumbuka baadhi ya filamu hufutika saa 48 baada ya kubonyeza mara ya kwanza.

Assalaam alaikum. Tuko Maskati. Msimu wa baridi tunataka kuweka projekta juu ya paa, mimi na mke wangu, kwa shuka jeupe. Tuzingatie nini?
*Msomaji, Oman*

Waalaikumu salaam. Ni wazo zuri sana. Wanaohudhuria tamasha la filamu la ZIFF pale Ngome Kongwe, Unguja, wanajua raha ya filamu chini ya nyota. Shuka moja hupitisha mwanga nyuma. Tundikeni kitambaa cheusi kisha shuka mbele yake, lililopigwa pasi, mkaze kamba pembe zote na kupitisha bomba la plastiki kwenye pindo la chini ili upepo usilipeperushe. Anzeni baada ya Isha; Magharibi anga bado lina mwanga na picha itapauka.

Wakati wa kununua projekta, msisome lumeni (kipimo cha mwanga) tu, someni ANSI lumeni, zile zilizopimwa kwa kanuni rasmi. Takriban 300 za kweli zinatosha picha ya inchi 80, yenye upana wa mita 1.77, gizani. Mkitaka upana mara mbili, mwanga unabaki robo. Someni pia ubora halisi wa picha wa chombo, ule wa "native": kilichoandikwa kwamba "kinakubali 1080p" huenda chenyewe ni 480p. Kiwekeni kitazame shuka sawasawa, kwenye meza iliyoinuliwa vya kutosha, kwani kunyoosha picha kwa mipangilio hukata sehemu ya ubora.

Usiku wa pwani una unyevu. Chombo kilichotoka kwenye chumba cha kiyoyozi kikifika nje hupata umande kwenye lenzi na ndani. Kiacheni nusu saa kimezimwa kabla ya kuwasha. Sauti ipelekeni kwa waya kwenye spika iliyowekwa chini ya shuka, ili maneno yatoke pale midomo ilipo.

Bisi zetu zinakuwa ngumu na nusu hazifumuki.
*Msomaji, Morogoro*

Kwa watu wawili: sufuria ya lita 4, vijiko 3 vya chakula vya mafuta ya alizeti au samli (siagi huungua), na nusu kikombe cha mahindi ya bisi, kama gramu 100. Pasheni mafuta na punje tatu. Zote zikifumuka, mwageni zilizobaki, epueni sufuria kwa sekunde 30 ili zipate joto sawa, kisha rudisheni motoni. Mfuniko uacheni wazi kidogo, maana mvuke ukifungiwa ndio unaozifanya ziwe ngumu kama mpira. Mlio ukipishana kwa sekunde mbili, epueni. Chumvi isagwe iwe laini, la sivyo inabaki chini ya bakuli.

Punje zisizofumuka mara nyingi zimekauka. Zinahitaji unyevu wa karibu asilimia 14 ndani ili zipasuke. Kwenye chupa ya nusu kilo tieni kijiko kimoja cha chakula cha maji, fungeni, tikiseni mara chache kwa siku, na mzitumie siku ya tatu.