Kuchangisha matibabu ya saratani ya mzazi: anza na karatasi ya daktari

Familia nyingi huanza kuomba fedha siku ileile majibu ya kipimo cha kinyama (biopsi) yanapotoka. Siku hiyo hakuna ajuaye gharama, kwa hiyo hutajwa kiasi kikubwa cha kukisia na michango huja kwa kishindo. Tatizo ni kwamba huruma huja mara moja, na matibabu huchukua miezi. Ikifika dozi ya nne mfuko umekauka, na walioombwa mwanzo wanaombwa tena bila kuelezwa cha kwanza kilikwenda wapi. Dozi ikirukwa kwa kukosa fedha, uvimbe unapata nafasi ya kukua tena, na hata zile zilizokwisha kulipiwa hupungua faida.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia ndugu yeyote simu, mwombe daktari mpango wa matibabu kwa maandishi. Uwe na aina ya saratani na hatua iliyofikia, jina la kila dawa na kiasi chake, idadi ya mizunguko (awamu za kupewa dawa) na siku kati ya mzunguko na mzunguko, idadi ya vikao vya mionzi, na vipimo vitakavyorudiwa. Chukua mfano wa mama mwenye saratani ya matiti. Mpango mmoja unaotumika sana ni dawa za kemotherapi doxorubicin na cyclophosphamide mara 4, kila baada ya siku 21, kisha nyingine, paclitaxel, kila wiki kwa wiki 12. Hizo ni takriban wiki 24 za dripu peke yake, mionzi bado. Kipimo cha HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani kukua, kikionyesha chanya, inaongezeka dawa ya kuizuia, trastuzumab, kila wiki 3 kwa mwaka mzima, yaani dozi 17 au 18. Familia isiyojua jibu la kipimo hicho haiwezi kupanga bajeti, maana dawa hiyo moja inaweza kuzidi gharama ya nyingine zote.

Kuna swali ambalo watoto huogopa kuliuliza: lengo la matibabu haya ni kuponya, kuurefusha muda, au kutuliza maumivu? Ulizeni. Jibu lake hubadilisha hesabu yote. Kwa mfano, saratani ikishaingia kwenye mifupa na kuuma, kikao kimoja cha mionzi cha Gy 8 (Gy, yaani gray, ni kizio cha kiasi cha mionzi) hutuliza maumivu sawasawa na vikao 5 au 10, ingawa wanaopata kimoja huhitaji kurudia mara nyingi zaidi. Kuuza mali ili kulipia vikao kumi vya kutuliza maumivu, bila kuuliza kama kimoja kingetosha, ni hasara ambayo haikuwa lazima.

Karatasi hiyo ipelekeni kwa wahasibu wa hospitali wawape makadirio ya kila hatua. Kisha ongezeni yale ambayo makadirio huyaacha. Kabla ya kila dozi hupimwa damu kamili, na chembe nyeupe zikiwa chini dozi huahirishwa, kwa hiyo nauli na malazi hulipwa mara mbili. Mionzi hutolewa kwa kawaida siku 5 kwa wiki, na mara nyingi huchukua wiki 3 hadi 7. Anayekaa mbali atahitaji pa kulala, na msindikizaji naye anakula. Dawa za kuzuia kutapika nazo zina bei yake. Ila kubwa kuliko yote ni homa. Mgonjwa aliye kwenye kemotherapi akifika nyuzi 38 ni dharura ya saa ileile, kwa sababu mwili hauna askari wa kupambana na maambukizi. Anahitaji antibayotiki za mshipa na pengine kulazwa. Wasio na fedha mkononi husubiri kupambazuke, na usiku mmoja unatosha kuua. Tengeni gharama ya kulazwa mara moja, iwekwe kando, isiguswe hata kama dozi inayofuata imepungukiwa.

Punguzeni gharama kabla ya kuomba. Mwulizeni daktari kama dawa aliyoandika ina jeneriki, yaani dawa ileile isiyo na jina la kampuni ya kwanza, na kama vikao vya mionzi vinaweza kuwa vichache. Kwa wagonjwa wengi wa matiti vikao 15 hufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na 25. Kwa trastuzumab, ulizieni nakala zake zilizothibitishwa. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha ya kwanza mwaka 2019. Tazameni pia ukubwa wa chupa. Mama wa kilo 60 anayepewa miligramu 6 kwa kila kilo anahitaji miligramu 360, na chupa kubwa ina 440. Chupa hiyo ikichanganywa kwa maji yake maalumu yenye kihifadhi, kilichobaki huweza kukaa kwenye friji ya dawa hadi siku 28. Zungumzeni na mfamasia kabla haijafunguliwa. Lakini msinunue dawa ya aina hii kwa mtu anayeuza mkononi eti ni nafuu. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani, na ikishapata joto huwezi kuijua kwa macho.

Mpangilio wa milango ya kubisha nao una maana. Anzeni na bima, kisha mwajiri wa mzazi, afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na mipango ya misaada ya watengeneza dawa. Ndugu wafuate, na umma uwe wa mwisho. Sababu ni kwamba msamaha wa malipo hutolewa kwa bili ambayo haijalipwa. Ukishalipa, kurudishiwa ni nadra. Bima nayo hudai kibali kabla ya matibabu, na ikikataa, daini barua yenye sababu. Mara nyingi kilichokosekana ni ripoti ya maabara au maelezo ya daktari ya kwa nini dawa hii na si ile, na rufaa yenye karatasi hizo huweza kupita. Kama mzazi ana mkopo benki, someni mkataba: baadhi ya mikopo ina bima ya ugonjwa mkubwa inayolipa deni lililobaki, na familia huendelea kukatwa kwa kutojua.

Kuhusu misaada ya dawa, mwombaji kwa kawaida ni daktari. Familia kazi yake ni kumkumbusha na kukamilisha vielelezo. Wagonjwa wa saratani ya damu ya CML, kwa mfano, wamepata dawa yao, imatinib, bure katika nchi nyingi kupitia mpango wa kampuni ya dawa Novartis na shirika la misaada The Max Foundation, na sharti mojawapo lilikuwa jibu la maabara linalothibitisha ugonjwa huo. Bila jibu hilo fomu haiendi popote.

Mkifika kwa ndugu na marafiki, msitangaze jumla ya mwaka mzima. Kiasi kikubwa humfanya mwenye kidogo aone mchango wake ni tone baharini, akaacha. Ombeni kwa hatua: dozi ya 1 na ya 2, tarehe fulani, kiasi fulani, akaunti ya hospitali na namba ya kumbukumbu ya malipo. Anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika daftari. Kila hatua ikiisha, tumeni risiti kabla ya kutaja hatua inayofuata. Hapo ndipo michango ya mwezi wa tano hupatikana. Na asiye na fedha mpeni kazi: kupanga foleni ya maabara, au gari siku ya mionzi.

Mkichangisha mtandaoni, mzazi mwenyewe akubali kwanza. Picha ya fomu yenye jina lake kamili na namba ya faili msiibandike, maana matapeli huinakili na kufungua mchango wa uongo. Someni makato ya jukwaa la kuchangishia, nchi ambazo hutuma fedha, na siku za kutoa fedha. Jina la mpokeaji lisipolingana na kitambulisho, fedha hukaa zimeshikiliwa huku tarehe ya dozi ikipita. Kamilisheni uhakiki kabla ya kufungua mchango.

Mambo mawili yafanywe mapema, ingawa hayapendezi kuyataja. Mzazi asaini hati ya uwakilishi, inayomruhusu mwingine kutenda kwa niaba yake, angali na nguvu na akili timamu, kwa sababu akaunti yake, mafao na bima havifunguki kwa mtoto mwenye nia njema asiye na saini. Na katika tangazo la kwanza kabisa andikeni fedha ikibaki itakwenda wapi, iwe ni kwa mgonjwa mwingine wa wodi ileile au kurudishwa kwa waliotoa. Swali hilo likiachwa hadi baada ya msiba, ndugu hugombana.