Maswali na majibu: Hukumu ya The Hague, Pemba na mpaka wetu wa bahari

SWALI: Assalaamu alaykum mwanasheria. Sisi ni wavuvi wa Kojani, Pemba, tunakwenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, hadi Shimoni huko Kenya, na wengine wanafika Lamu. Barazani pana mabishano. Wako wanaosema Mahakama ya The Hague ilipoamua kesi ya Somalia na Kenya iliitaja Pemba, na kwamba Kenya ikishapunguziwa bahari kaskazini itakuja kujifidia kusini, kwetu. Wengine wanasema Kenya imeikataa hukumu, kwa hiyo hukumu si kitu. Ukweli ni upi? Na mwenzetu akikamatwa upande wa pili, ana haki gani?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu zangu wa Kojani. Pemba imetajwa kweli, lakini mpaka wetu hausogei kwa kutajwa huko. Na Kenya kukataa hakuifuti hukumu.

Somalia ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, hiyo ya The Hague, tarehe 28 Agosti 2014. Kenya ilidai kwamba mpaka wa bahari unaanzia pale mpaka wa nchi kavu unapoishia, kaskazini ya Kiunga, kisha unakwenda moja kwa moja mashariki kwa kufuata latitudo. Somalia ilitaka mstari wa kati, yaani ule ambao kila nukta yake iko umbali sawa na pwani za nchi zote mbili. Kwa jinsi pwani ile ilivyolala, mstari huo unateremka kusini mashariki. Katikati ya madai hayo mawili palibaki pembetatu ya bahari yenye zaidi ya kilomita za mraba 100,000, na humo Kenya ilikuwa imeshagawa vitalu vya kutafutia mafuta.

Hoja kubwa ya Kenya ilikuwa ukimya. Tangu mwaka 1979 ilikuwa imetangaza mpaka wake wa latitudo, na Somalia, kwa madai ya Kenya, haikupinga kwa miaka mingi, kwa hiyo imekubali. Mahakama ikasema ukimya unaweza kuhesabiwa kuwa ridhaa pale tu unapokuwa wa wazi na wa kudumu, na haikufumba macho kwamba kuanzia 1991 Somalia ilikuwa vitani, haina serikali inayofanya kazi sawasawa. Mimi naiona sehemu hii kuwa ya haki kubwa kwa nchi ndogo na nchi zilizoumia. Jirani hapati bahari yako kwa sababu tu nyumba yako ilikuwa inaungua na hukupata nafasi ya kumjibu barua.

Hukumu ilisomwa tarehe 12 Oktoba 2021. Latitudo ilikataliwa, na mstari wa kati ndio uliotumika. Lakini baada ya maili 12 za bahari Mahakama iliusogeza mstari huo kidogo upande wa kaskazini, kuipa Kenya nafuu, na hapo ndipo Pemba inapoingia. Majaji walisema haitoshi kuzitazama Kenya na Somalia peke yao. Lazima itazamwe pwani yote, mpaka Tanzania. Kenya iko katikati ya nchi tatu, na pwani imeingia ndani. Mistari ya kati ikichorwa pande zote mbili, bahari ya Kenya inabanwa kadiri inavyokwenda mbali. Wakaongeza kwamba ubano huo unazidishwa na Pemba, kisiwa kikubwa chenye watu, ambacho ni cha Tanzania. Kwa hiyo kisiwa chenu kilitumika kama sababu ya kuiongezea Kenya bahari kutoka upande wa Somalia, wala hakuna tone lililoondolewa kwetu. Majaji hawakuwa na kauli moja juu ya marekebisho hayo, na wapo waliouliza kwa nini mstari wa kudhania baina ya Kenya na Tanzania utumike kuipunguzia bahari nchi ya tatu, yaani Somalia.

Nimesema mstari wa kudhania kwa sababu mpaka wa kweli baina yetu na Kenya upo na umeandikwa. Uliwekwa kwa barua za kidiplomasia za tarehe 17 Disemba 1975 na 9 Julai 1976. Mnaopita Mkondo wa Pemba mnazijua alama zake: mnara wa taa wa Ras Kigomasha upande wetu na mnara wa Mpunguti ya Juu upande wao. Kati ya minara hiyo miwili ilipimwa nukta ya katikati, na kutoka hapo mpaka unazunguka kichwa cha kisiwa kisha unashika latitudo kuelekea mashariki. Tarehe 23 Juni 2009 nchi mbili zikasaini mkataba mwengine, wa ukanda wa uchumi wa bahari, yaani eneo la nje ya maili 12 ambalo nchi ina haki ya rasilimali zake, na wa sakafu ya bahari.

Hapo sheria imefunga milango kadhaa. Ibara ya 59 ya sheria iliyoiunda Mahakama inasema hukumu inawabana waliokuwa katika kesi tu, na Tanzania haikuwamo. Mkataba wa Vienna wa Sheria ya Mikataba wa 1969, ibara ya 62, unakataza nchi kujitoa katika mkataba wa mpaka kwa kisingizio kwamba hali imebadilika. Kenya haiwezi kusema, "Nimepoteza kule, basi makubaliano ya huku yamekufa." Na kwa kweli latitudo ya upande wetu inaifaa Kenya kuliko mstari wa kati, kwa sababu Pemba ingeusukuma mstari huo kaskazini. Anayefaidika na mkataba hana haja ya kuuvunja.

Sasa la hukumu isiyo na askari. Ni kweli Mahakama haina polisi. Hukumu yake haikatiwi rufaa, na chini ya ibara ya 94 ya Katiba ya Umoja wa Mataifa kila mwanachama ameahidi kuitii. Mwenzake asipotii, aliyeshinda anaweza kwenda Baraza la Usalama. Huko pana siasa na kura za turufu, kwa hiyo sipendi kuwapa matumaini ya njia hiyo. Kenya ilikataa kushiriki katika usikilizwaji wa Machi 2021, na mwezi Septemba, hukumu haijasomwa, ikaondoa tamko lake la kukubali mamlaka ya Mahakama. Kuondoka hivyo kunahusu kesi zijazo, si ile iliyokwishafunguliwa.

Kilichobadilika ni maneno yanayoweza kusemwa na yakasikilizwa. Kabla ya 2021 Nairobi ilisema, "Hii ni bahari yetu." Leo inalazimika kusema, "Hatuitambui hukumu." Hayo ni madai dhaifu zaidi, na kila kampuni ya mafuta, benki na bima inayasikia. Kwa hiyo wanadiplomasia hawawezi tena kuanza mazungumzo kutoka mwanzo.

Na mazungumzo lazima yawepo. Somalia ilivunja uhusiano na Kenya Disemba 2020, ukarudishwa Mei 2021 kwa usuluhishi wa Qatar. Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo sasa wamo meza moja, na sisi tumo pamoja nao. Mfano wa kutia moyo ni Bakassi, rasi iliyogombaniwa na Nigeria na Cameroon. Mwaka 2002 Mahakama hiyo hiyo iliipa Cameroon rasi ile, Nigeria ikakasirika, lakini baada ya Umoja wa Mataifa kuingia kati walisaini makubaliano Juni 2006, na Agosti 2008 makabidhiano yakakamilika. Ilichukua miaka sita ya mazungumzo, na hukumu ndiyo iliyokuwa juu ya meza muda wote huo.

Tuje kwenye haki za mvuvi. Zile barua za 1975 na 1976 ziliwakumbuka watu kama nyinyi: wavuvi wenyeji wanaovua kwa ajili ya riziki wanaruhusiwa kuvua ndani ya maili 12 kila upande wa mpaka wa maji ya kitaifa, kwa kufuata kanuni zilizopo, na leseni za pande zote zitambuliwe. Hiyo haimaanishi kuingia bila karatasi, wala kutumia nyavu zilizokatazwa na mwenyeji wenu. Mkiwa nje ya maili 12 lakini ndani ya ukanda wa uchumi wa nchi nyengine, ibara ya 73 ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 inasema chombo na mabaharia waachiwe upesi kwa dhamana ya kiasi, na kosa la uvuvi peke yake lisiadhibiwe kwa kifungo isipokuwa nchi hizo zimekubaliana vyengine. Ndani ya maili 12 kinga hiyo haipo, na kifungo kinawezekana kwa sheria za nchi.

Kwa hiyo kabla ya dago chukueni leseni ya mvuvi na ya chombo, kitambulisho, na barua ya sheha. Bwana diko, msimamizi wa bandari yenu ya uvuvi, ajue nani kaondoka na chombo gani. Mkifika, ripotini kwa ofisi ya uvuvi ya huko kabla ya kutia nyavu. Mtu akikamatwa, asisaini maelezo asiyoyaelewa, aulize alikamatiwa nukta gani ya GPS na iandikwe, na aombe Ubalozi Mdogo wa Tanzania Mombasa ujulishwe, kwani hiyo ni haki yake.